Ndoo, Udongo na Tembo Asiyechorwa: shajara ya klabu yetu ya sanaa, Dodoma

Ijumaa, 19 Januari

Kikao cha kwanza cha mwaka. Wamekuja 31, wengi Kidato cha Pili, wachache wa Tatu, na wanne wa Kidato cha Nne ambao nimewaambia mapema kwamba ikifika Agosti nitawafukuza wakasome. Wakacheka. Tutaona.

Tumekubaliana Ijumaa, saa 9:00 alasiri hadi 10:30, kwenye stoo ya zamani ambayo nusu yake bado ina madawati yaliyovunjika. Fedha mkononi ni shilingi 86,000. Manila zipo, penseli zipo, brashi zimebaki tano na mbili kati yake zimekuwa kama mswaki wa babu.

Nimeamua kuandika shajara kwa sababu mwaka jana tulifika Novemba nikawa siwezi kueleza tulifanya nini. Mada zilikuwa saba. Leo, kabla wanafunzi hawajaingia, nimetoa boksi la picha za mwaka jana nikazitandaza sakafuni zote. "Uzalendo": picha 24. Bendera zimo kwenye 19. Kilimanjaro umo kwenye 14. Katika wale wachoraji hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona Kilimanjaro kwa macho yake. Mlima wanaoamka nao kila asubuhi ni Mlimwa, na haumo hata kwenye picha moja. "Amani": njiwa. "Utunzaji wa mazingira": viganja viwili vimeshika mche. "Umoja": mikono imeshikana mviringo.

Kuchora wanajua. Mimi niliwapa neno, wao wakanirudishia nembo ya neno hilo, ileile iliyoko kwenye kalenda na mabango ya barabarani. Hapo wa kulaumiwa ni aliyepanga mada.

Ijumaa, 26 Januari

Nimewaachia wapendekeze mada wenyewe. Katibu akaandika ubaoni 23. Nikakaa nyuma nikazisoma: Upendo, Uadilifu, Ujasiriamali, Ukombozi, Usawa, Uchumi wa kisasa, Utamaduni wetu… Nikaona kitu ambacho miaka yote nafundisha sijakiona. Zote ni ngeli ya U.

Nikafuta ubao. Nikatangaza kwamba mwaka huu klabu haipokei mada ya ngeli ya U.

Kimya kidogo, kisha kijana wa nyuma: "Na ugali, Mwalimu?"

Ugali ruhusa. Na uji. Na ukuta, na ungo. Ikabidi tukae nusu saa tukibishana nini kinaingia na nini hakiingii, na mwisho wa yote sheria ikawa hii: mada ni kitu unachoweza kukiweka mezani, au kwenda kukigusa na kurudi kabla ya magharibi. Juu yake tunaongeza sharti moja gumu, jambo ambalo mchoraji haruhusiwi kulifanya. Wazo la sharti si la kwangu peke yangu, limetoka kwenye michezo ya watoto. Kioda huruki ovyo ovyo, kuna mistari. Ukifuta mistari, hakuna mchezo.

2, 9 na 16 Februari. Mada ya kwanza: NDOO

Sharti: chora ndoo ya kwenu. Mtu asionekane kabisa. Lakini mtazamaji ajue ni nani anayeibeba. Nusu manila, mkaa na penseli tu. Wiki ya kwanza kuchunguza nyumbani, ya pili kuchora, ya tatu kuning'iniza na kusema.

Wiki ya kwanza walirudi wamenuna. "Ndoo ni ndoo tu, Mwalimu." Nikawauliza mpini wa ndoo ya kwao una nini. Mmoja akakumbuka umefungwa kitambaa, maana plastiki ya kushikia ilishavunjika na waya unakata vidole. Mwingine akasema ya kwao ina alama ya rangi ya kucha chini, isichanganyike na za wengine bombani. Wa tatu: ndoo ya rangi ya lita 20, bado ina maandishi ya kiwanda, baba yake ni mpaka rangi. Basi, mlango ukafunguka.

Wiki ya tatu tulipata picha 28. Sita ni za kawaida, nyingine nzuri, na moja nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyonionesha kazi ya sharti.

Binti wa Kidato cha Pili, mkimya, hakuchora ndoo. Alichora ngata. Ngata peke yake, katikati ya karatasi, imekaa juu ya kigoda. Ni kipande cha khanga kilichosokotwa, na amechora mikunjo mmoja mmoja, kwa mkaa uliochongwa hadi ncha, na kwenye mikunjo ile yanaonekana maneno ya khanga yaliyokatika: "…NAO MUNGU" na herufi chache kichwa chini. Katikati ya ngata pamebonyea. Upande mmoja umebonyea zaidi ya mwingine. Wenzake wakapiga kelele kwamba kavunja sheria, ndoo iko wapi? Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ndoo ni ya nyumba nzima, ila ngata ni ya bibi, na bibi shingo yake imelala kushoto.

Nikaambiwa nitoe hukumu. Nilisema imekubaliwa. Tangu siku hiyo wanamwita Ngata, na naona hachukii.

1 Machi. Mada ya pili: ZABIBU

Nilidhani hii itakuwa rahisi. Msimu umefika, zabibu ziko kwenye beseni kila kona ya mji, na sisi hapa tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kitu cha kushikika, cha karibu, hata cha kula. Tukala nusu ya mada kabla ya kuchora.

Matokeo: vishada 27 vinavyofanana kama vimepigwa mhuri. Kishada kinaning'inia, majani mawili, kijikono kimejipinda kulia. Nimeduwaa. Nilipotazama tena nikaelewa: zabibu imeshakuwa nembo ya mji. Iko kwenye chupa, kwenye vibao, kwenye fulana. Kwa hiyo kuwa karibu hakutoshi. Kitu kikishageuzwa alama na wengine, mtoto anachora ile alama.

15 Machi

Tumeirudia na sharti jipya: zabibu zisionekane. Chora kinachobaki baada ya kuvuna. Wanafunzi watatu ambao wazazi wao wana mashamba huko Makutupora na Hombolo ndio waliowasaidia wengine. Wakataja mikasi, kreti, nguzo na waya unaolegea baada ya mzigo kuondoka, vidole vyenye gundi ya sukari iliyoshika vumbi, nyuki. Picha ya waya uliolegea ni nzuri kuliko kishada chochote cha tarehe 1. Ni mistari mitatu tu.

Aprili

Mvua, likizo fupi, majaribio ya muhula. Stoo imevuja kwenye kona ya manila. Tumeokoa karatasi 40 hivi. Hakuna la zaidi.

3 na 10 Mei. Mada ya tatu: UDONGO

(Ndiyo, ngeli ya U. Unawekwa mezani. Umepita.)

Mvua zimekata, udongo unakaukia juani kwa siku mbili. Kila mtu alete udongo wa kwao kwenye mfuko, ameandika jina la mahali. Tumepokea mifuko 26 kutoka Nala, Ihumwa, Veyula, Hombolo, Chang'ombe, Mkonze, na mmoja wa Bahi uliokuja na basi ndani ya mkoba wa shangazi. Tulipoipanga sakafuni kwa rangi, hata mimi nilikaa kimya. Kuanzia wekundu wa matofali, hudhurungi, manjano ya bizari, kijivu, hadi mweusi tii wa mbuga. Watu wanasema Dodoma ni ya rangi moja.

Namna tunavyotengeneza rangi, niiandike vizuri ili mwakani nisianze upya. Unatwanga udongo, unautia kwenye dumu lililokatwa, unajaza maji na kukoroga. Unasubiri kuhesabu hadi thelathini, mchanga unatua. Yale maji ya tope ya juu unayamimina kwenye chombo kingine, mchanga unautupa. Unaacha usiku kucha. Asubuhi maji meupe yamekaa juu, unayamwaga taratibu, na chini limebaki tope laini kama siagi. Hilo ndilo unalolikausha na kulisaga kwa chupa juu ya kigae.

Kosa letu la tarehe 3 lilikuwa kuchanganya unga huo na maji matupu. Ilipendeza mpaka ilipokauka. Ukiinua karatasi, picha inaporomoka mezani kama unga wa dona. Tarehe 10 tumetumia gundi ya seremala: kijiko kimoja cha gundi kwa viwili vya maji, halafu unga wa udongo mpaka uwe uzito wa uji wa mgonjwa. Inashika. Kundi moja lilijaribu kiini cha yai. Kinashika vizuri na kinang'aa, ila yai ni yai, na kuna waliosema waziwazi wangependa kulila.

Wekundu unatokana na chuma kilichomo kwenye udongo, ni kutu yenyewe, ndiyo maana haupauki juani kama baadhi ya rangi za dukani. Udongo wa mbuga ulitufanyia kisa. Ule hunywa maji ukavimba, ukikauka hunywea. Kijana aliyepaka tabaka nene alirudi Jumatatu akakuta picha imepasuka vipande vipande. Akataka kuitupa. Alikuwa amechora lambo. Nikamwambia aitazame tena kabla hajaitupa, akaicheka, akaiandika nyuma: "Lambo, Oktoba."

24 Mei

Tumenunua hadibodi mbili za futi 8 kwa 4. Seremala wa jirani ametukatia kila moja vipande 16 vya futi 2 kwa 1, hakutaka hela, alitaka picha ya ng'ombe. Kopo la rangi nyeupe ya kupaka chini lilikuwa limeongezwa maji dukani, unaona kabisa. Tumepaka mara tatu badala ya moja. Duka hilo haturudi.

Kuna walionung'unika kwamba hadibodi si kitu cha msanii, msanii anachora kwenye turubai. Nikawaeleza habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyekuwa Dar es Salaam miaka ya mwisho ya 1960 akipaka rangi za baiskeli juu ya hadibodi za dari. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wenye jina lake umezunguka dunia. Wakatulia. Kisha wanne wakaanza kuchora twiga wa Tingatinga, madoa na vyote, ikabidi nieleze tena kwamba nilikuwa nasema habari za ubao. Naipenda sana kazi ile, lakini kuinakili imekuwa njia ya mkato kwa vijana wetu, sawa na lile njiwa la amani.

Juni, likizo. Safari ya Kolo

Hapa niandike na kosa langu. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, na sisi ni watu wa mkoa huohuo, ila kwenye klabu nzima aliyewahi kuiona ni mmoja. Nikapanga Hiace, shilingi 30,000 kila mtu. Waliolipa ni 12. Waliobaki hawakukosa hamu, walikosa 30,000. Nililijua hilo, nikaenda hivyohivyo.

Tulitoka alfajiri. Lami inakwenda hadi Kondoa na kuendelea njia ya Babati. Pale Kolo, kijiji cha huko Kondoa, mnapita kwanza ofisi ya mambo ya kale, mnapata kibali na wa kuwaongoza, halafu mnapanda. Maelekezo yalikuwa mafupi: msiguse, na msithubutu kumwagia mwamba maji ili rangi ing'ae. Na pale Mongomi, kwenye miamba yenyewe, watu wa eneo hilo bado wanafanya matambiko, kwa hiyo mtu unaingia kama unavyoingia nyumbani kwa watu.

Juu kabisa, mwamba umeinama kama dari. Michoro myekundu ndiyo ya zamani, ya wawindaji. Michoro myeupe ilikuja baadaye, mingine ikapakwa juu ya ile myekundu bila kuuliza. Kuna pofu, twiga, tembo, na watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa vya ajabu. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa huku miezi kadhaa akinakili michoro hii kwa mkono. Niliwaambia hilo, nikawakataza simu kwa saa nzima. Tazama tu. Usichore. Utajua baadaye kwa nini.

Ngata alikuwepo. Alilala chali juu ya mwamba muda wote.

5 na 12 Julai. Mada ya nne: MTU WA KOLO

Waliobaki wamerudi shule wamevimba, na wana haki. Mada nimeipanga kwa ajili yao. Sharti: walioenda hawaruhusiwi kuchora. Wanakaa mgongo kwa karatasi, mikono wameikalia, wanaeleza kwa mdomo. Waliobaki ndio wachoraji, na wanauliza lolote.

Stoo ikawa soko. "Mrefu kiasi gani?" "Mrefu kama mtu anayechungulia juu ya ukuta." "Kichwa?" "Kama ungo." Mchoraji akachora mtu mwenye ungo kichwani, na mchele ndani. Mwingine akasikia "nywele zimetuna" akachora kofia ya polisi. Walioenda walikuwa wanatoka jasho. Waligundua kwamba walitazama saa nzima na bado hawana maneno.

Swali lililobadilisha mambo lilitoka kwa kijana aliyenuna kuliko wote, aliyekuwa hata hajataka kuja. Aliuliza: "Miguu yake inakanyaga nini?"

Mwenzake akafikiri. "Hakanyagi kitu."

"Lazima akanyage. Chini iko wapi?"

"Hakuna chini."

Kalamu zikasimama. Ni kweli, watu wale wameelea mwambani, hawana ardhi wala mstari wa nyuma. Watoto wetu kitu cha kwanza wanachochora ni mstari wa chini, kisha nyumba juu yake, kisha jua pembeni. Kijana yule akafuta mstari wake kwa kiganja, akachora watu watatu wakielea, na picha yake ndiyo iliyokaribia zaidi ile ya mwambani, akiwa hajaiona. Wiki iliyofuata nilihesabu: kati ya picha 19, mstari wa chini umebaki kwenye nne.

Mwakani safari itakuwa ya wote au haitakuwepo. Tutaanza kuchanga Januari, kidogo kidogo.

2 Agosti

Jana treni ya SGR, ile reli ya kisasa, imezinduliwa rasmi hapa Dodoma. Leo hakuna aliyetaka kusikia lingine. Nikawaruhusu, sharti likawa treni isionekane, na hawakulipenda. Mmoja amechora reli ya zamani, ile ya Wajerumani iliyofika Kigoma 1914, na mbuzi amelala katikati. Basi.

Wa Kidato cha Nne nimewafukuza kama nilivyoahidi. Wawili wamejificha nyuma ya madawati.

Agosti na Septemba. Mada ya tano: TEMBO ALIYEZAMA

Kila mtoto wa hapa anajua jina la mji: tembo alikuja kunywa maji, akazama topeni, Wagogo wakasema Idodomya, imezama. Mwaka jana tungepata tembo 27 wa kijivu. Sharti mlishalikisia: tembo asichorwe. Rangi za udongo tu, hadibodi, vipindi vitano.

Wiki mbili za mwanzo ngumu sana. Wakachora mkonga umechomoza. "Huo ni tembo." Wakachora masikio. "Huyo ni tembo." Mmoja akanambia hii mada ni ya kutesa watu. Kisha zikaanza kuja. Tope lenye mviringo na nzi juu yake. Watoto sita wamepanda mti mmoja wakitazama chini, na sisi tunaona nyayo zao tu. Mzee ameshika kamba isiyofika. Kijana wa "hakuna chini" amepaka hadibodi nzima kwa udongo wa mbuga, nene, makusudi, akaiacha ipasuke, na katikati amebakiza shimo laini jekundu. Ngata amechora foleni ya ndoo pembeni ya dimbwi, zote zimepinduliwa.

Nilipokuwa napanga mada hii Januari nilikuwa nimeiandikia vipindi vitatu. Vitano ndiyo kipimo. Chini ya hapo wanaishia kwenye mkonga.

27 Septemba. Maonyesho

Tumetundika chini ya mwarobaini, kamba na vibanio vya nguo. Upepo wa Septemba sikuuweka kwenye mpango, na nimeishi hapa miaka kumi na moja. Hadibodi ziligongana kama vyombo jikoni, picha za ndoo saba zikaruka ukuta hadi kwa jirani, tukazirudisha tano. Mwakani mawe ya kuzishikilia, au ndani.

Wazazi walikuja kuliko nilivyotegemea. Bibi mmoja aliingia na "Mbukwenyi!" ya nguvu, akaitikiwa na uwanja mzima, akapita picha moja moja akiwa ameshika kiuno. Shingo yake imelala kushoto. Mbele ya ile ngata alisimama, hakusema kitu, akaendelea. Kwenye tembo akamgeukia kijana aliyekuwa zamu:

"Mjukuu wangu, mbona mmeandika tembo na tembo simwoni?"

"Ameshazama, Bibi."

"Kha! Mmechelewa."

4 Oktoba

Fedha zimebaki 11,400. Rangi za udongo tumezikausha zikawa matonge, ziko kwenye makopo 26 yenye majina ya mahali, zitakaa hata miaka. Gundi imeisha. Seremala amepewa ng'ombe wake.

Mada zilizopendekezwa kwa mwakani: kiraka, foleni ya bombani usiku, kiti cha mbele kwenye daladala, tembe la babu linaloanguka (sharti: paa lisichorwe). Kuna mmoja ameandika "Uvumilivu". Nimeuacha ubaoni, sijaufuta, nataka nimsikie kwanza anataka kuuweka juu ya meza gani.

Ijumaa ijayo hakuna kikao, Kidato cha Pili wanajiandaa na mtihani wa taifa. Ufunguo wa stoo uko kwa katibu.